Shajara ya kiti cha kuandikia cha Lombardia: kuokoa vinia ya zamani

Januari, kiti kimeingia karakana

Haya wadau, nina kazi mpya mezani na hii nataka niiandike tangu inaanza mpaka inatoka, maana huku Brianza, kaskazini ya Milano, wazee wa karakana bado wanaijua vizuri ila vijana wengi wanaipita tu, na nyumbani mafundi ninaoongea nao wakisikia vinia akili inaenda moja kwa moja kwenye zile karatasi za mbao zinazobandikwa juu ya plaiwudi kiwandani. Hapa tunaongelea kitu kingine kabisa, vipande vya mbao nzito kidogo vilivyopasuliwa kwa msumeno wa mkono na kubandikwa juu ya mbao ya ndani.

Kiti chenyewe ni cha mtu anayekaa mezani kuandika. Mgongo wake ni wa mviringo, unakuja mbele taratibu mpaka unageuka kuwa mikono, yaani huwezi kuonyesha mgongo unaishia wapi na mkono unaanzia wapi, Waitaliano viti vya umbo hili wanaviita a pozzetto. Mifupa ya ndani ni mbao ya popla, miguu ni mbao ya jozi (walnut), halafu nje kote kimevikwa vinia ya jozi. Kuzunguka kikalio kuna ukanda wa palisanda (rosewood) mweusi wenye wekundu kwa mbali, kila ukingo umewekewa uzi mwembamba wa mbao ya mti wa bosso (boxwood) ya manjano, na katikati ya mgongo kuna umbo la yai lenye chombo cha maua kilichopangwa kwa vipande vidogo vidogo vya mepo (maple) na mbao nyingine nyeupe, majani yake yalitiwa rangi.

Ila kilichoniteka mimi ni miguu. Ni ya mraba, inapungua kwenda chini, na kila uso wa mguu unaona mifereji mitatu imesimama kama ya nguzo za hekalu la Kirumi. Pitisha kidole sasa, pako flati kabisa! Hamna mfereji hata mmoja. Ni vipande vya mbao vimetiwa kivuli upande mmoja tu, jicho linadanganyika lenyewe. Nilikaa chini sakafuni nikabaki naipapasa tu.

Hali yake sasa. Vinia ya nyuma imevimba na kuachia sehemu nyingi, maana kwa miaka kiti kilikaa kimepakana na redieta ya kupasha nyumba joto, ile hewa kavu inakausha gundi, popla ya ndani inanywea kivyake na vinia kivyake, mwisho lazima moja iachie. Mguu wa nyuma unacheza. Uzi wa bosso umekatika pengi. Mkono wa kulia una duara la maji. Na kuna mtu zamani alijaribu kuurudisha ukanda wa palisanda uliokuwa umeachia, akapigilia misumari katikati ya ukanda wenyewe, roho inauma ukiangalia.

Mwenye kiti ni mama mmoja wa Monza, kilikuwa cha baba yake. Amesema jambo moja tu, anataka kukikalia kila siku akifanya hesabu zake, hataki pambo la sebuleni. Hilo ni muhimu sana na linaongoza kila uamuzi huko mbele.

Bado Januari, swali la umri

Kila anayepita karakana anauliza cha mwaka gani. Karatasi ya duka alikokinunua baba yake imeandikwa Maggiolini, kwa hiyo ngoja niliongelee kidogo. Giuseppe Maggiolini alizaliwa 1738 Parabiago, mji mdogo nje ya Milano, akafariki hapo hapo 1814, na ndiye fundi wa tarsia, yaani picha zinazopangwa kwa vipande vya mbao, mwenye jina kubwa kuliko wote Lombardia. Archiduka Ferdinando wa Austria aliyekuwa anaitawala Lombardia alimpa kazi nyingi, wachoraji kama Andrea Appiani na Giuseppe Levati walikuwa wanamchorea michoro, na inatajwa alitumia aina 86 za mbao ili apate rangi bila kutegemea sana kutia dawa. Michoro ya karakana yake mpaka leo imehifadhiwa kwenye ngome ya Castello Sforzesco hapo Milano. Alipofariki, mtoto wake Carlo Francesco na mwanafunzi wake Cherubino Mezzanzanica wakaendelea, na mafundi wa mkoa mzima wakaiga, wakaigwa na wao, mpaka ikafika mahali samani yoyote ya Lombardia yenye maua ya mbao wauzaji wanaiita Maggiolini.

Kwa hiyo ile karatasi mimi naiweka pembeni. Naangalia kiti kinasema nini. Kuna kipande cha nyuma kilikuwa kimeshaachia kabisa, nikakigeuza: unene unakaribia milimita 2, na chini kuna alama za msumeno zilizonyooka, zimepishana pishana, hazina nafasi sawa. Huo ni msumeno wa mkono, wa fremu, watu wawili wanavuta. Ingekuwa msumeno wa duara ungeona alama zimepinda kama upinde, na ingekuwa vinia ya kisu cha mashine ya leo ungekuta ni laini na nyembamba, milimita 0.6 hivi. Skrubu mbili za zamani chini ya kikalio nazo ncha zake ni butu na mfereji wa kichwani haupo katikati, zimetengenezwa kwa mkono. Mimi naweka mwisho wa karne ya 18 au miaka ya mwanzo ya karne ya 19, karakana nzuri ya mkoa huu, na hapo naishia. Jina la fundi silitafuti, kazi yake inatosha.

Februari, ramani na wadudu

Kabla ya kugusa chochote nimechora ramani. Nalaza karatasi ya plastiki inayoonyesha juu ya kila upande, naenda nagonga kwa ukucha polepole, pakilia tupu nazungushia nyekundu, pakilia pamejaa naacha. Upande wa nyuma wa mgongo ramani imejaa nyekundu. Mbele ni afadhali sana.

Halafu usiku nimezima taa nikapita na tochi ya mionzi ya urujuani. Hii kila fundi wa samani za kale awe nayo, bei yake ya kawaida tu. Shelaki, ule utomvu wa mdudu unaopakwa kung'arisha mbao, ikiwa ya zamani inawaka rangi ya chungwa, vanishi za kisasa zinawaka tofauti, zinaelekea weupe na ukijani. Mgongo wote umewaka chungwa safi, mikono imewaka chungwa chini na juu yake pana mabaka mabaka ya kitu kingine. Maana yake shelaki ya zamani ipo bado, mtu alipaka vanishi juu ya mikono tu pale palipochakaa. Habari njema kuliko zote mpaka sasa.

Wadudu: kwenye popla kuna matundu ya milimita 1 mpaka 2 na chini ya kiti nilikuta unga mweupe umedondoka juu ya karatasi niliyotandika, unga mpya, maana yake ndani kuna viwavi bado vinabungua. Huyu mdudu wa Ulaya kiwavi chake kinaishi ndani ya mbao miaka kadhaa kabla hakijatoka, kwa hiyo kuona matundu tu hakukwambii kama yupo, unga mpya ndio unakwambia. Sikutaka kumwagia dawa, nyingi zinaingia kwenye shelaki zinailainisha. Nimekiweka kiti kizima ndani ya mfuko mzito usiopitisha hewa, na pakiti za unga wa chuma unaokula oksijeni, nikafunga kwa moto pembeni zote. Wadudu wanakosa hewa, mayai na viwavi vyote vinakufa, mbao haiguswi na kitu. Inataka wiki kadhaa na chumba kisiwe cha baridi, maana kwenye baridi mdudu anapumua kidogo anachelewa kufa.

Machi, kaka wa Keko na swali lake

Wakati kiti kiko mfukoni nilimtumia picha fundi mwenzangu wa Keko, Dar, akajibu kwa sauti: "Kaka, si ubandue yote hiyo, upige msasa mbao ya ndani, ubandike vinia mpya, siku tatu umemaliza?"

Nimeona niandike jibu hapa kwa urefu maana wengi wanawaza hivyo hivyo na ni swali la haki kabisa la mtu anayekula kwa kazi yake.

Kaka, jozi ikikatwa leo ina kahawia ya ubaridi, inaelekea kijivu. Ikikaa kwenye mwanga inageuka polepole, inapauka, inapata ule udhahabu wa asali, na hiyo rangi inakaa kwenye sehemu ya juu kabisa ya mbao. Ukipitisha msasa umeiondoa, chini yake unarudi kwenye kahawia ya mwanzo, na miaka mia mbili hairudi kwa rangi ya chupa. Pili, ile mifereji ya uongo ya miguuni, kivuli chake kimechomwa kwa mchanga wa moto upande mmoja wa kipande na kinazidi kufifia kadiri unavyoshuka ndani, ukisugua sana kinaondoka na mguu unabaki una mistari tu. Tatu, vinia yenyewe. Milimita 2 ya jozi iliyopasuliwa kwa mkono siipati dukani, ninayoipata ni ya 0.6, nikiibandika kwenye kiti hiki kila ukingo utasema.

Kwa hiyo msimamo wangu kwenye kazi hii tangu siku ya kwanza ni kwamba kila kipande cha zamani kinachoweza kubaki kinabaki, hata kama kina ufa, hata kama kimepauka kuliko jirani yake. Kipya kinaingia pale tu ambapo pana tundu. Italia wana taasisi kuu ya ukarabati Roma tangu 1939, mkurugenzi wake wa kwanza Cesare Brandi, na aliyoyafundisha pale yamewaingia mafundi wote huku, kwamba unachoongeza kisije kumpotosha anayeangalia kwa karibu na kisimzuie fundi wa baadaye kufanya kazi yake. Mzee wa karakana yetu hajasoma hayo popote, anasema tu "acha mlango wazi kwa atakayekuja," na anamaanisha hicho hicho.

Mwisho wa Machi, gundi

Mfuko umefunguliwa, hamna unga mpya. Sasa gundi.

Gundi ya kiti hiki ni ya ngozi na mifupa ya wanyama, na mimi narudishia hiyo hiyo. Naloweka punje kwenye maji baridi usiku kucha, asubuhi zimevimba zimekuwa kama jeli, naweka chombo ndani ya maji ya moto, nyuzi 60 hivi. Ikipita 70 inaanza kupoteza nguvu, na ikichemka mwaga utengeneze nyingine. Uzuri wake ni kwamba inafunguka, joto na unyevu kidogo inalainika, fundi wa miaka mia ijayo ataifungua bila kuvunja kitu. Gundi nyeupe ya maji ukishaitia kwenye popla imezama, kuitoa ni kukwangua mbao.

Kwenye sehemu zilizovimba sibandui. Napitisha kisu chembamba kwenye ufa uliopo, nasafisha vumbi la gundi ya zamani kwa maji ya moto kidogo, naingiza gundi kwa sindano ya hospitali, nabonyeza kwa kidole kuelekea pembeni mpaka gundi itokee upande wa pili, nafuta haraka. Halafu kubana, na hapa ndipo mgongo wa mviringo unaposumbua maana klampu haina pa kukaa. Tunatumia mifuko ya turubai imejaa mchanga uliopashwa moto kwenye oveni. Mfuko unalala kwenye mzingo wenyewe, unafuata kila pindo, joto lake linaifanya gundi ya zamani iliyobaki nayo iamke ishike tena, juu naweka ubao na klampu. Katikati ya mfuko na vinia karatasi ya plastiki isije ikashikana. Unafanya eneo dogo, unaacha mpaka kesho, unahamia jingine. Huwezi kuharakisha, hata ukitaka.

Kuna jani moja kwenye lile yai la maua lilikuwa limeachia lote. Juu lina rangi ya majani makavu, kahawia tu. Nikaligeuza, chini ni KIJANI. Kijani kibichi, kimekaa gizani tangu siku lilipobandikwa. Nikamwita mzee, akamwita mwanae, tukaenda nalo dirishani. Basi ukijua hilo unaliona yai lote upya, majani yote yale yalikuwa ya kijani, maua nadhani na rangi zake, mwanga ukala polepole. Mafundi wa tarsia walihangaika sana na kijani, wale wa karne ya 15 na 16 walikuwa wanatafuta msituni mbao iliyoingiwa na kuvu fulani inayoigeuza kijani chenye ubuluu ndani kwa ndani, na hiyo haipauki kirahisi, lakini hili jani ni la kutiwa dawa. Nimelipiga picha pande zote na kulirudisha lilivyokuwa, upande wa kahawia juu. Kuligeuza kungemaanisha jani moja la kijani kati ya ndugu zake waliopauka, na umbo lake lisingekaa sawa kwenye nafasi yake.

Aprili, vipande vilivyopotea

Palisanda ilinipa mawazo. Ule ukanda mweusi ni jamii ya Dalbergia, yaani ndugu wa damu wa mpingo wetu, mpingo ni Dalbergia melanoxylon. Na jamii nzima ya Dalbergia tangu 2017 imo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea na wanyama walio hatarini, biashara yake kati ya nchi na nchi ina vibali, ile ya Brazil ilishafungiwa tangu 1992. Kwa hiyo siendi kununua palisanda mpya, na sitaki. Karakana ina sanduku la mabaki ya samani zilizokufa, ubavu wa droo, mlango uliooza nusu, mzee anakusanya tangu kijana. Humo nimepata ukanda wa palisanda wenye unene ule ule. Nyumbani anzeni kutunza vipande vya mpingo na mninga wa samani za zamani zinazotupwa, nasema kwa moyo wote, hiyo ni hazina.

Misumari ya yule bwana nimeitoa kwa kutoboa pembeni yake kwa bomba jembamba la chuma linalokata mduara mdogo, msumari unatoka na vumbi lake, halafu tundu naliziba kwa kipande chenye umbo la almasi, nyuzi za mbao zikifuata nyuzi za jirani. Duara la mviringo linaonekana mbali, almasi inapotea.

Mifereji ya miguuni vilikosekana vipande kadhaa. Mchanga laini kwenye kikaango juu ya jiko, unangoja uwe moto mpaka kibanzi cha mepo ukikichomeka kinabadilika rangi bila kuungua. Unashika kipande kwa koleo, unachomeka ukingo mmoja, unahesabu polepole, unatoa, unaangalia, unarudisha. Kivuli kinapanda chenyewe, kizito ukingoni na kinafifia kuelekea katikati, hamna brashi inayoweza hiyo. Na lazima ukichome zaidi kidogo ya unavyotaka, maana ukisawazisha juu sehemu itaondoka. Kukata natumia msumeno wa uzi, ule wa upinde ambao mafundi wa Sorrento kule kusini wameufanya kazi ya maisha. Kila kipande kipya nyuma yake naandika mwaka kwa penseli kabla ya gundi.

Kusawazisha vipande vipya na vya zamani natumia patasi pana na kikwangulio cha chuma, kwenye kipya tu, naweka utepe juu ya jirani. Msasa haujaingia kwenye kiti hiki.

Mguu uliokuwa unacheza nimefungua kiungo, nimesafisha ulimi na tundu lake, nimeongeza kibanzi chembamba cha jozi upande mmoja, gundi, klampu. Sasa unakaa bila kulia.

Mei, kusafisha na shelaki

Kwa uchafu wa mikono ya watu hamna kinachoshinda mate. Ndiyo, mate, pamba kwenye kijiti, hata mafundi wa makumbusho wanatumia, yana vimeng'enya na joto sahihi. Yai lote la maua nimelisafisha hivyo, kipande kwa kipande. Ile vanishi ya mikono nimeitoa kwa dawa iliyogandishwa kuwa jeli ili isizame, nikifuatilia kwa ile tochi mpaka chungwa itokee.

Shelaki inatokana na mdudu wa India, unanunua magamba yake unayayeyusha kwenye spiriti, mimi nimeweka kama gramu 150 kwa lita. Kitambaa cha sufu ndani ya kitambaa cha kitani, tone la mafuta ili kisinase, unapita kwa miduara, kisha kwa umbo la nane, bila kusimama juu ya mbao hata sekunde. Sehemu nyingi nimepita kidogo tu kuiamsha ile ya zamani maana spiriti inaiyeyusha mpya inaungana nayo. Duara la maji limepungua sana ila ukiinama kwenye mwanga wa pembeni bado lipo, na nimeliacha. Kulimaliza kungenilazimu kuingia kwenye mbao.

Juni, kikalio

Hapa sina mengi. Sponji ya kisasa imetoka, chini yake nilikuta mabaki ya singa za farasi, nikaziosha na kuzirudisha na nyongeza, juu ya mikanda mipya ya jute. Matundu ya misumari ya zamani kwenye fremu nimeyajaza vijiti na gundi ili misumari mipya ishike. Mama amechagua ngozi ya kahawia iliyokolea, na mimi nimeunga mkono maana ngozi ya kijani aliyoifikiria kwanza ingeshindana na lile yai.

Alikuja jana kujaribu urefu wa meza yake. Akakaa, akaweka mikono, akauliza kama anaweza kukirudisha pale pale karibu na redieta. Nikamwambia hapana mama, weka ukuta wa pili, na nunua kipimo cha unyevu, kikae kati ya asilimia 50 na 60. Nimempa faili lenye picha zote, ramani ya plastiki, orodha ya vipande vipya na picha ya lile jani pande zote mbili. Amesema picha ya jani ataifanyia fremu aiweke juu ya meza.

Jumanne kinaenda Monza. Wanaotaka vipimo vya ile mifuko ya mchanga na joto la oveni ntaviandika kivyake, naona vinahitaji picha.